Mashine Pepe: Piga Hodi Kwanza (Sehemu ya Tano)

Tangu Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila ninapokutana na mafundi naulizwa jambo lile lile: Windows 11 itakubali kukaa ndani ya mashine pepe? Windows 11 inadai TPM 2.0, kile kijisehemu cha kutunza funguo za siri, na mashine pepe haina kijisehemu cha kushikika kwa mkono. Vyote ilivyo navyo huigizwa na programu, na kwa wengi wetu programu hiyo ni QEMU. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: utajuaje kama QEMU iliyomo kwenye seva yako inaweza kuigiza TPM?

Fundi wa ofisi moja alinijibu bila kusita: "Mwalimu, toleo letu ni jipya, haiwezi kukosa." Ilikosa. Aliyeiunda QEMU ile alikuwa ameiacha TPM nje kwa hiari yake, na ruhusa ya kufanya hivyo anayo. Kijana yule alikisia. Ugonjwa wa kukisia ni wa zamani kuliko QEMU, na leo nataka niufuatilie tangu mizizi yake.

Turudi kwenye prosesa za Intel. 8086 ilitoka mwaka 1978, 80286 mwaka 1982, 80386 mwaka 1985, na 80486 mwaka 1989. Kwa miaka hiyo hapakuwa na amri ya kuiuliza prosesa, "Wewe ni nani?" Aliyetaka kujua aliitegea mtego. Kuna rejista ya bendera, ambamo kila biti ina kazi yake. Programu ilijaribu kuzigeuza biti ya 12 hadi ya 15, kisha ikazisoma tena. Zikibaki 1 zote hata baada ya kufutwa, hiyo ni 8086. Zikibaki 0 zote hata baada ya kuwashwa, hiyo ni 286. Zikikubali kugeuka, ni 386 au mdogo wake. Hapo mtego wa pili ulitegwa kwenye biti ya 18, ambayo 386 haikubali kuigeuza na 486 inakubali. Mitego hii nimeisoma mara nyingi na mpaka leo naistahi kwa ufundi wake. Lakini ni ufundi wa mpelelezi anayechungulia dirishani, wakati mwenye nyumba yumo ndani na angeweza kuulizwa.

Mwaka 1993, pamoja na Pentium, ikaja amri ya CPUID. Ukiiuliza kwa sifuri, prosesa inataja ukoo wake kwa herufi 12, zimegawanywa nne nne katika rejista tatu: GenuineIntel, au AuthenticAMD kwa upande wa pili. Ukiiuliza kwa moja, inakuhesabia uwezo wake biti kwa biti. Humo, biti ya 5 ya rejista ya ECX ndiyo inayosema kama prosesa ya Intel ina VMX, ule msaada wa mashine pepe tuliouchambua katika sehemu ya pili. Unauliza, unajibiwa, unaendelea na kazi yako.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo waandishi wa programu wameshajifunza. Hawakujifunza. Fabrice Bellard, Mfaransa, aliitoa QEMU mwaka 2003, na maelezo yake ya msaada yaliandikwa yasomwe na binadamu. Libvirt ilipoanza kuisimamia QEMU kwa niaba ya watu, iliendesha amri ya msaada na kupekua maandishi yake neno kwa neno. Neno likionekana, uwezo upo. Mtu akihariri sentensi ili isomeke vizuri zaidi, uwezo "umetoweka", ingawa haukwenda popote. Waandishi wa libvirt ikabidi wahifadhi nakala za maandishi hayo ya matoleo mengi, wawe wanajipima nazo.

Wengine walikimbilia namba ya toleo, na huko ndiko alikoangukia kijana wangu. Red Hat Enterprise Linux 6 ilikuja na QEMU iliyojiita 0.12.1, huku Red Hat wakiwa wameipachika uwezo mwingi uliochukuliwa kutoka matoleo ya baadaye. Aliyeihukumu kwa namba aliidharau bure. Watu wa KVM, ile sehemu ya kiini cha Linux inayoendesha mashine pepe, walikata mzizi wa jambo hili kwa namna ninayoipenda sana: ukiiuliza KVM toleo la kiolesura chake, inajibu 12, na nyaraka zake zinaagiza programu igome ikipata namba nyingine yoyote. Namba imegandishwa makusudi, na kila uwezo ulioongezwa baadaye unaulizwa kwa jina lake.

QEMU nayo ikapata mlango wa kubisha, QMP. Ukifika hapo, QEMU ndiyo inayoanza kukusalimu, ikitaja toleo lake. Nawe sharti uitikie kwa qmp_capabilities. Usipoitikia, hakuna amri nyingine itakayosikilizwa. Msomaji aliyelelewa na bibi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Libvirt ilianza kuulizia uwezo kwa njia hiyo kuanzia QEMU 1.2, ya Septemba 2012. Toleo la 2.5, la Desemba 2015, likaongeza query-qmp-schema, ambayo hueleza amri zote na vitu ambavyo kila amri inapokea. Majina ya ndani ya aina za data yamefichwa humo nyuma ya namba, ili asitokee wa kuyaegemea kama yale maandishi ya msaada yalivyoegemewa.

Nafasi imebaki finyu, nirudi kwa TPM. Endesha virsh domcapabilities, utafute sehemu ya tpm: imeandikwa wazi kama ipo au haipo, na ni ya umbo gani, tpm-tis au tpm-crb. Anayezungumza na QEMU bila libvirt atumie query-tpm-models na query-tpm-types. Kisha hakikisha swtpm imesakinishwa, kwa kuwa hiyo ni programu ya kando inayofanya kazi ya TPM yenyewe. QEMU huweka mlango tu.

Nanyi vijana mnaoandika skripti za kuhudumia seva, tafuteni leo ule mstari unaolinganisha namba ya toleo. Ufuteni, na mahali pake muweke swali.