Tabaka Mbili Zinatosha

Mtu anayetaka kujichorea bodi ya kwanza ya FPGA hukutana mapema na ushauri mmoja: tumia tabaka nne za shaba, mbili hazifai. Ushauri huo una sababu zake, nitazieleza. Ila kwa mwanafunzi au fundi redio aliyeko Same, Makanya au Hedaru, huku Upareni Tanzania, mwenye kompyuta ya kawaida na hela ya mfukoni, unamfungia mlango bila ulazima. Ninavyoona, sehemu kubwa ya miradi ya kujifunzia inafanya kazi vizuri kwenye bodi ya tabaka mbili iliyochorwa kwa nidhamu, na mazingira yetu yanaipa bodi hiyo faida ambazo tabaka nne hazina.

FPGA ni chipu iliyotoka kiwandani bila kupangiwa kazi. Ndani yake mna vijisehemu vingi vya lojiki pamoja na njia za kuviunganisha, na mtumiaji ndiye anayeamua viunganishweje: leo kihesabio, kesho prosesa ndogo, keshokutwa kitu kingine kabisa, chipu ikiwa ileile. Kampuni ya Xilinx ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1985 ikiwa na vijisehemu 64. iCE40HX1K ya Lattice, ambayo leo ni miongoni mwa zile ndogo, inavyo 1,280. Kule Nyeri, Kenya, kipo kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, lakini kutengeneza chipu kunataka vyumba visivyo na chembe ya vumbi. FPGA, kinyume chake, inampa mtu nafasi ya kubuni lojiki yake mwenyewe akiwa mezani kwake. Tena tangu mwaka 2015, mradi wa IceStorm wa Claire Wolf na wenzake ulipofumbua jinsi chipu za iCE40 zinavyopangwa, programu za kazi hii zinapatikana bure na ni ndogo. Programu za kampuni kubwa hufikia makumi ya gigabaiti, na anayenunua bando kwa simu anajua maana yake. Bodi nayo huchorwa kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1992.

Sasa tabaka. Shida ya FPGA ni kasi ya ishara zake kubadilika. Mguu wake unaweza kuruka kutoka sifuri hadi volti 3.3 kwa muda wa nanosekunde moja au mbili, hata kama saa ya mradi, yaani mapigo yanayoongoza lojiki, inakwenda polepole. Ndani ya nanosekunde moja, ishara kwenye bodi husafiri takriban sentimita 15. Kanuni ya wachoraji inasema njia ikiwa fupi kuliko moja ya sita ya urefu huo, yaani sentimita 2.5 hivi, haina haja ya kuhangaikiwa. Bodi ndogo yenye chipu katikati ina njia nyingi zisizozidi hapo. Zinazozidi huwekewa rezista ya omu 33 hivi mwanzoni, karibu na mguu unaotuma, na mtikisiko unapungua.

Linalowashinda wengi ni njia ya kurudi. Kila mkondo unaotoka kwenye chipu lazima urudi, na mabadiliko yakiwa ya kasi hurudi kwenye graundi moja kwa moja chini ya njia uliyoendea. Ukiikata graundi kwa mfereji wa waya mwingine, mkondo unazunguka mbali, na mzunguko huo unakuwa antena. Hivyo nidhamu ya tabaka mbili ni hii: upande wa chini wote ni graundi, upande wa juu ni wa njia. Pale njia mbili zinapokutana, moja inazama kwa tundu, inapita chini milimita chache tu, halafu inaibuka. Umeme wa volti 1.2 unaolisha moyo wa chipu huwekewa kisiwa cha shaba juu, chini ya tumbo la chipu yenyewe. Halafu kila mguu wa umeme unapewa kapasita ya nanofaradi 100, milimita mbili tatu kutoka ulipo. Anayeijua ndiva, bwawa la kumwagilia la Upareni, hahitaji kuelezwa sana kapasita hiyo: kijito ni chembamba, maji hukusanywa usiku, na asubuhi yanafunguliwa kwa wingi ambao kijito chenyewe kisingeweza kuutoa. Ndiva ikiwa mbali na shamba, maji yanapotelea mferejini. Kapasita ikiwa mbali na mguu, umeme unachelewa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Bodi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6, kwa hiyo katika tabaka mbili graundi iko umbali huo kutoka kwenye njia. Kwenye tabaka nne inaweza kuwa milimita 0.2 tu, mara nane karibu zaidi, na njia jirani hazisumbuani kirahisi. Ni kweli, na jibu lake ni kuziachia njia nafasi, hasa ile ya saa. Wanasema pia bei ya tabaka nne imeshuka sana. Hilo nalo ni kweli, na mtu asichague mbili kwa sababu ya dola chache tu. Kinachonishawishi mimi ni matengenezo. Katika tabaka mbili kila njia inaonekana kwa macho. Ukikosea, unaikata kwa wembe, unakwangua rangi ya kijani, unalehemu kipande cha waya, kazi inaendelea leoleo. Kosa likiwa ndani ya tabaka za katikati, huna pa kushika. Unaagiza upya, unalipia usafiri ambao mara nyingi unazidi bei ya bodi zenyewe, na ushuru, na unasubiri. Nadhani mtu hujifunza uchoraji kwa kurekebisha bodi zilizokosewa, na bodi inayorekebishika inamfundisha zaidi. Mipaka ipo: chipu zenye vitone vya lehemu tumboni badala ya miguu, na kumbukumbu za kasi za DDR, zinahitaji tabaka nne au zaidi, na hapo si pa kubishana.

Wapo watakaouliza FPGA ya nini Same. Kwa kupima kina cha maji kwenye ndiva haihitajiki. Kidhibiti kidogo cha bei rahisi kinatosha kabisa. Lakini fikiria msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, anamoishi kindege Zosterops winifredae ambaye haonekani kwingine duniani ila Pare Kusini. Ukitaka kujua sauti yake inatoka upande gani katika ukungu na majani mazito, unahitaji maikrofoni nane zisomwe kwa wakati mmoja, kwa sababu sauti hutumia milisekunde moja tu kuvuka sentimita 34, na mwelekeo umefichwa ndani ya tofauti ndogo kuliko hiyo. FPGA ndogo inazisoma zote nane kwa mpigo uleule, jambo linalovitoa jasho vidhibiti vingi vya kawaida. Maikrofoni za kidijitali za aina hiyo zinaendeshwa kwa saa ya megahezi 3 hivi, mwendo wa kawaida kabisa kwa tabaka mbili. Njia ya kuchunga zaidi kwenye bodi hiyo ni ya saa, maana ndiyo ndefu na inazifikia maikrofoni zote: ichorwe kwanza kabla ya nyingine yoyote, iwekewe rezista mwanzoni, na graundi iliyo chini yake isikatwe popote.