Agosti Mosi Makaburini Kisangani

Nchini Kongo, tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi, na kazi husimama nchi nzima. Asubuhi ni ya wazazi waliotangulia. Mchana ni wa walio hai. Kinshasa na Lubumbashi siku hiyo huangukia kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka. Kisangani mambo ni mengine. Mji uko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kaburi lililofyekwa mwaka jana huwa limemezwa na majani. Ndiyo maana watu wa Boyoma, kama mji huu unavyoitwa pia, hawaendi makaburini na maua matupu. Hubeba majembe, kupekupe (mapanga), ndoo na chokaa. Kutoka Mangobo, Kabondo na Tshopo huenda kwa miguu, kwa pikipiki au kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria. Wenye marehemu wao ng'ambo, Lubunga, huvuka mto.

Kazi ya kwanza ni kulitafuta kaburi. Msalaba wa mbao hauwezi mvua wala mchwa, na sementi na vigae ni vya wenye navyo. Mzee wa familia huongozwa na vitu visivyooza upesi: mwembe, mchikichi, kaburi la jirani lenye jina. Likishapatikana, vijana hufyeka, akina mama hung'oa kwa mkono majani yaliyoota kwenye nyufa, watoto huchota maji ya kukorogea chokaa.

Kisha mkubwa wa ukoo huinama na kusema na aliyelala pale kama anayebisha hodi: "Koko, tumefika. Huyu ni ndoyi wako, mwaka huu ameanza masomo." Ndoyi, mtoto aliyerithi jina la babu, husogezwa mbele. Sala hufuata, na baada ya sala masimulizi: nani alitoka kijiji gani, nani alimwoa nani, kwa nini shangazi fulani amezikwa mbali na nduguze. Mambo hayo hayasemwi ovyo nyumbani. Hapo ndipo mtoto anapojua yeye ni wa nani.

Kwa Waislamu wa mji huu, siku ya kuzuru makaburi mara nyingi ni Idi. Uislamu na Kiswahili vilifika hapa na misafara ya karne ya 19, iliyobeba pembe za ndovu na watumwa, enzi za Tippu Tip, Mzanzibari aliyefanywa liwali wa Stanley Falls, eneo la mji huu, mwaka 1887. Maiti hulazwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kibla, ambacho kwa Kisangani ni kaskazini-mashariki. Kaburi huachwa bila makuu, na zawadi ya walio hai ni dua na Yasini. Desturi ni tofauti, wajibu ni mmoja: aliyekufa asiachwe peke yake.

Lakini wako wasio na kaburi la kufyeka. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya raia 760 waliouawa na takriban 1,700 waliojeruhiwa. Wengi walizikwa haraka, wengine kwa pamoja, bila jina. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini. Fedha hujenga nyumba. Haziwezi kumwambia mjane asimame wapi Agosti Mosi.

Mchana familia hurudi nyumbani, huoga, na kuwaandalia wazazi walio hai lituma ya ndizi na samaki. Mama anayepokea kitenge kipya siku hiyo ameshaona asubuhi jinsi mama yake mwenyewe alivyotunzwa, naye anajua atakavyotunzwa. Hiyo ndiyo nguvu ya desturi hii, na inafaa ipanuliwe. Kila familia iandike daftari la makaburi yake: nani, wapi, karibu na mti gani. Na kila mtaa, baada ya kumaliza makaburi yake, ufanye salongo, kazi ya pamoja, kwenye yale ambayo wenyewe walikimbia vita au wamekwisha. Marehemu asiye na mtoto wa kumfyekea ni mzazi wa mji mzima.