Kimongolia na Kigeorgia: Kwa nini lugha moja ilipoteza hati yake na nyingine ikabaki nayo?

Mongolia iko katikati ya Asia, Georgia iko kwenye milima ya Kaukazi kando ya Bahari Nyeusi. Kila moja ina wakaazi wasiofika milioni nne, na zote mbili ziliishi kwa miongo kadhaa chini ya kivuli cha Moscow. Hata hivyo, ukifungua gazeti mjini Tbilisi leo utakuta herufi za Kigeorgia, na mjini Ulaanbaatar utakuta herufi za Kikirili, zile zinazotumika kuandika Kirusi. Tofauti hiyo ilitokea vipi?

Je, lugha hizi zina undugu?

Hapana. Kimongolia ni cha familia ya lugha za Kimongoli. Kigeorgia ni cha familia ndogo ya Kikartveli, pamoja na Kimingrelia, Kilazi na Kisvani. Hakuna kati yake iliyo na undugu na Kirusi.

Hata muundo wake hautofautiani kidogo. Kimongolia hupachika viambishi mwishoni mwa neno, na irabu za kiambishi hufuata irabu za mzizi. "Gar" ni mkono, na "kwa mkono" ni "garaar". "Nom" ni kitabu, na "kwa kitabu" ni "nomoor". "Ger" ni hema la wafugaji, na "kwa hema" ni "gereer". Msemaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwani naye husema "pikia" lakini "somea", bila kujiuliza kwa nini i imegeuka kuwa e.

Kigeorgia kwa upande wake hubeba mambo mengi ndani ya kitenzi. "Gkhedav" ni "nakuona", na "mkhedav" ni "unaniona". Kama ilivyo katika Kiswahili, neno moja linatosha kueleza nani anamwona nani. Kinachomchosha mgeni ni konsonanti. Neno "gvprtskvni", maana yake "unatumenya", lina konsonanti nane zinazofuatana kabla ya kufika kwenye irabu moja ya mwisho. Na tahadhari: kwa Kigeorgia "mama" ni baba, na mama ni "deda".

Hati ya Kimongolia iliondokaje?

Wamongolia waliandika lugha yao kwa hati iliyotokana na ile ya Wauighuri tangu enzi za Genghis Khan, mwanzoni mwa karne ya 13. Huandikwa kutoka juu kwenda chini, na mistari hupangwa kuanzia kushoto kwenda kulia.

Mwaka 1941 serikali ya Mongolia, iliyokuwa mshirika wa karibu wa Umoja wa Kisovieti, iliamua kuhamia herufi za Kikirili, na kufikia 1946 zikawa ndizo rasmi. Sababu iliyotolewa ni kupambana na ujinga wa kutojua kusoma, na hoja hiyo haikuwa tupu. Hati ya kale huhifadhi matamshi ya karne zilizopita, kiasi kwamba jina la mji mkuu, Ulaanbaatar, huandikwa kana kwamba linatamkwa "Ulaganbagatur". Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: vizazi vilivyofuata havikuweza kusoma maandishi ya mababu zao.

Georgia ilinusurika vipi?

Hapa ndipo penye kitendawili. Mongolia ilikuwa nchi yenye bendera yake, lakini ikaacha hati yake. Georgia ilikuwa jamhuri ndani ya Umoja wa Kisovieti, na ikabaki na herufi zake 33 zisizo na ndugu wa karibu, ambazo mizizi yake inafika karne ya 5.

Mwaka 1978 rasimu ya katiba mpya ya jamhuri hiyo ilitaka kuondoa kifungu kinachokifanya Kigeorgia kuwa lugha ya dola. Tarehe 14 Aprili maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi, waliandamana mjini Tbilisi. Kiongozi wa chama wakati huo, Eduard Shevardnadze, aliwatangazia kwamba kifungu kitabaki. Tarehe hiyo sasa ni siku ya lugha ya Kigeorgia.

Lakini historia haina malaika. Lugha ya Waabkhazi, walio wachache ndani ya Georgia, ililazimishwa kuandikwa kwa herufi za Kigeorgia kuanzia 1938 hadi 1954. Aliyeilinda lugha yake kwa wivu alikuwa na jirani aliyekuwa na malalamiko kama hayo hayo.

Hali ikoje leo?

Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiweka sanaa ya kuandika hati ya Kimongolia kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwaka 2016 liliutambua utamaduni wa hati tatu za Kigeorgia kuwa urithi ulio hai.

Mongolia inajaribu kurudi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, tangu Januari 2025 nyaraka rasmi za serikali zinatakiwa kuandikwa kwa hati zote mbili. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Mongolia ya Ndani nchini China, hati ya kale haikuwahi kuachwa. Lakini mwaka 2020 wazazi huko waliwazuia watoto kwenda shule, kupinga uamuzi wa kufundisha baadhi ya masomo kwa Kichina badala ya Kimongolia.

Kwa hiyo Wamongolia wa upande mmoja wana dola lakini wanajifunza upya hati yao, na wa upande wa pili wana hati lakini wanahofia lugha yenyewe. Tunachokiona katika nchi hizi ni kwamba hati inaweza kufutwa kwa amri ya siku moja. Kuirejesha huchukua vizazi, na kazi hiyo huanza na mwalimu darasani.