DAKIKA MBILI ZA FARASI, USIKU MZIMA WA WAGENI!

WIKI hii tuweke kando disko na kitchen party, tuzungumzie farasi. Ndiyo, farasi! Usicheke, mshikaji. Kuna watu wanaoalika wageni nyumbani, wanapika, wanavaa kofia za ajabu, halafu wote wanakaa mbele ya runinga kuangalia farasi wakikimbia. Na wanatanua kwelikweli.

Mambo haya yana kwao. Kwao ni Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei kuna mbio zinaitwa Kentucky Derby. Farasi wasiozidi 20, wote wa umri wa miaka mitatu, wanafunguliwa mlango kwa pamoja, wanakata kilomita mbili hivi, na kabla hujamaliza soda yako, kwisha! Mwaka 1973 farasi aliyeitwa Secretariat alitumia dakika 1 na sekunde 59 na ushei, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyemfikia.

Uwanja wenyewe, Churchill Downs, hujaa watu kama 150,000. Lakini wenyeji wengi wa Louisville hata hawasogei huko. Kiingilio ghali, foleni ndefu. Wanawasha majiko uani, wanaita majirani, runinga inatolewa barazani. Mwaka 2020, Korona ilipotibua kila kitu, mbio zilisogezwa hadi Septemba 5 na zikafanyika bila watazamaji uwanjani. Mwaka ule tajiri na kapuku wote waliangalia wakiwa nyumbani.

Siku hizi Louisville ina Wakongo na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili kinasikika mitaani. Kwa hiyo usishangae binamu yako akikupigia simu kutoka huko, "Andaa watu, tuangalie wote!" Sasa utaandaaje? Sikiliza.

SAA NANE KASORO USIKU

Mbio kubwa huanza saa 1 kasoro kidogo jioni kwa saa za Louisville. Kwako wewe wa Dar au Nairobi hiyo ni saa 8 kasoro usiku, tayari Jumapili imeingia. Usimdanganye mtu kwamba ni sherehe ya jioni. Waambie mapema: huku ni kukesha.

Hapo lazima ujiulize swali moja la kiutu uzima. Aliyekuja kwa daladala atarudije? Kama umemwalika dada wa watu, nani anamfikisha kwao, au analala wapi na nani? Tandika mikeka, toa mashuka, waachie kina dada chumba chao chenye ufunguo. Na mama mwenye nyumba mwambie kabla, siyo aje kugonga mlango na kandambili mkononi wakati farasi wako kwenye kona ya mwisho.

HELA NDIYO INAVUNJA URAFIKI

Kule Marekani watu wanaweka dau. Na vishawishi vipo. Mwaka 2022 farasi anaitwa Rich Strike aliingizwa kwenye mbio siku moja tu kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Hakuna aliyemhesabu. Akashinda! Aliyekuwa ameweka dola 2 alirudishiwa dola 163 na senti 60. Ukisikia hivyo, mkono wenyewe unaenda mfukoni.

Tulia kwanza. Siku ile kulikuwa na farasi 20, na 19 kati yao walirudi na hela za watu. Hao hawasimuliwi. Ukiruhusu kamari sebuleni kwako, kuna jamaa ataweka elfu mbili, halafu kumi, halafu ile ya kodi ya chumba. Akiliwa, atamkasirikia nani? Farasi yuko Kentucky, hasikii. Atakukasirikia wewe mwenyeji. Kisha kuna wageni ambao dini yao hairuhusu kamari hata ya shilingi. Utawaweka wapi, jikoni?

Dawa yake ni rahisi. Andika majina ya farasi wote kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, kila mgeni achukue kimoja bure. Mkiwa kumi, kila mtu apate viwili. Mwenye farasi wa kwanza anapewa zawadi uliyoinunua wewe: keki, fulana, kofia nzuri. Mwenye farasi wa mwisho anaosha vyombo. Basi! Utaona watu wanavyopiga kelele kwa ajili ya farasi ambaye saa moja iliyopita hawakujua hata jina lake. Kelele ndiyo raha, siyo hela.

USITOE ZAWADI HARAKA

Farasi akivuka mstari wa kwanza, usiruke na keki. Mwaka 2019 Maximum Security alivuka wa kwanza, watu wakashangilia, wakakumbatiana. Waamuzi wakakaa na mkanda kama dakika 20 na zaidi, wakasema kawazibia wenzake njia. Ushindi akapewa Country House, farasi ambaye wengi hawakumtarajia. Mwaka 2021 ilikuwa balaa zaidi: Medina Spirit alisherehekea, kisha vipimo vikaonyesha dawa isiyoruhusiwa siku ya mbio, na mwaka uliofuata ushindi ukahamia kwa Mandaloun.

Kwa hiyo weka sheria mapema, mbele ya wote: zawadi inatoka baada ya waamuzi kutangaza matokeo rasmi, na likija jipya mwakani, keki haitapikwi! Sheria ikisemwa kabla ya mbio ni utaratibu. Ikisemwa baada ya mbio ni ugomvi.

MEZANI

Kinywaji cha siku hiyo kule kwao kinaitwa mint julep: wiski ya Kentucky, sukari, majani ya mnanaa na barafu iliyopondwa. Kitamu, kinateleza, na kinapiga kama punda. Wewe tengeneza kwa chai baridi ya mnanaa na ndimu, kila mtu anywe. Anayetaka kuongeza kikali ajiongezee mwenyewe, na ufunguo wa gari aukabidhi mlangoni.

Chakula chao cha asili ni burgoo, mchuzi mzito wa nyama za aina mbalimbali, mahindi, viazi na mboga, unaochemka kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa. Unapika mchana, unapasha usiku. Humkosi hata mgeni aliyechelewa.

Kofia? Lazima! Kina dada wavae pana zenye maua, kina kaka nao wasijifanye wagumu. Na maua ya waridi yawepo, hata matatu kwenye glasi. Farasi anayeshinda huvishwa shada la waridi zaidi ya 400.

STORI YA KUWAPA WAGENI

Mbio ni dakika mbili, usiku ni mrefu. Mtakaa mnatazamana? Hapana. Wasimulie hii, maana kuna atakayesema "haya ni mambo ya wazungu".

Derby ya kwanza ilikuwa Mei 17, 1875. Farasi walikuwa 15, na wapanda farasi 13 kati yao walikuwa watu weusi, wengine waliozaliwa utumwani. Mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mweusi. Isaac Murphy, mweusi pia, alishinda mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902. Kisha wakaanza kubanwa. Wapanda farasi wazungu waliwasukumia kwenye uzio, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Winkfield akakimbilia Urusi, huko akawa nyota, baadaye akahamia Ufaransa. Mwaka 1961 alialikwa Louisville kwenye karamu iliyofanyika Brown Hotel. Mlangoni wakamzuia kwanza kupita mbele, kwa sababu ya rangi yake. Bingwa mara mbili! Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya ushindi wake, hakuna Mmarekani mweusi mwingine aliyeshinda Derby hiyo.

Ukimaliza stori hiyo, utaona runinga inatazamwa kwa macho mengine.

Na mgeni akiuliza kuhusu farasi wenyewe, usimzime. Mwaka 2008 Eight Belles alimaliza wa pili, akavunjika miguu ya mbele palepale baada ya mstari, ikabidi auawe. Mwaka 2023 farasi 12 walikufa pale Churchill Downs katika muda wa wiki chache, hadi mbio zikahamishiwa uwanja mwingine kwa muda. Wapo wasiopenda kuangalia kwa sababu hiyo, na wana hoja. Mwenyeji mzuri hamlazimishi mtu kushangilia.

Ndiyo hivyo, watoto wa mjini. Vikaratasi, mnanaa, mikeka, na sheria kabla ya mbio. Ukiona asubuhi wageni wanaondoka na hela zao zilezile walizokuja nazo, huku wanabishana kicheko juu ya farasi wa nani alikuwa wa mwisho, jua umefaulu. Halafu vyombo usivioshe wewe, mwenye kazi hiyo tunamjua!

Tukutane wiki ijayo.