Mgeni njoo, mwenyeji apone: Niliyoyaona kambi ya macho Isiolo



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu twautaja sana sisi watu wa pwani tunapofunga safari za kujitolea huko bara, na madaktari na maboksi ya dawa. Swali langu leo ni moja: mgeni akishaondoka, mwenyeji hubaki amepona?

Nilifuatana na kundi la kujitolea kwenye kambi ya macho ya siku tatu katika kaunti ya Isiolo, takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi. Mimi si daktari. Kazi yangu ilikuwa kusajili wagonjwa. Mjini Kiswahili kinatosha, maana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu huelewana kwacho sokoni. Nje ya mji mambo ni mengine. Tulipokuwa, wazee wengi walizungumza Kiborana tu. Salamu yao ni nagaa, yaani amani, na baada yake huulizwa watu wa nyumbani, mifugo na mvua. Aliyezoea foleni za hospitali za Mombasa huona wakati unapotea. Mkalimani wetu, kijana wa hapo, alitueleza kuwa mzee asiposalimiwa sawasawa atasema hana tatizo lolote, kisha aende zake na ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe ni trakoma, ambao wengine huuita vikope. Isiolo ni miongoni mwa kaunti za wafugaji zilizoathirika nchini. Huletwa na bakteria wanaoenea kwa mikono, nguo, na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope hufanya makovu kwa ndani. Miaka ikipita kope hujikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa, hadi anapofuka. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwani wao ndio wanaokaa na watoto.

Nilimsajili bibi mmoja aliyefunga kibano kidogo kwenye pindo la leso yake. Alikuwa aking'oa nywele za kope kwa mkono wake, akidhani ni uzee tu. Alipoambiwa anahitaji upasuaji, alisema atamngoja mwanawe arudi kutoka malishoni waamue pamoja. Kambi ilifungwa mwanawe hajarudi.

Shirika hilo lapendekeza mambo manne: upasuaji, dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Kambi yaweza mawili ya kwanza. Mawili yaliyobaki ni maisha ya kila siku, na hapo mgeni hana uwezo.

Daktari wetu aliposisitiza watoto waoshwe uso, mama mmoja aliuliza: maji haya nayaleta kwa punda, ninyweshe mbuzi, nipike chai, kisha nimuoshe mtoto uso kutwa? Aliyemjibu ni mhamasishaji wa afya wa kijiji, mwanamke kama yeye. Alimwambia: wewe uso wako waoshwa kwa udhu, lakini mtoto wa miaka mitatu swala haijampasa, basi uso wake husahaulika. Ukitawadha, mbakishie kiganja kimoja cha maji umpanguse. Akina mama wakacheka, wakaafiki. Sisi wageni, Waislamu wengi wetu, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini. Hao ndio wa kuonana nao kabla ya safari, si siku ya kufika. Wao wanajua kina mama gani wataka kuhudumiwa na daktari mwanamke, na wafugaji watarudi lini kutoka malishoni.

Jina la yule bibi liliachwa kwenye daftari la mhamasishaji wa kijiji chake, ili mwanawe akirejea apelekwe hospitali mjini. Kundi lolote linalopanga safari kama hii na lijiulize kabla ya kununua dawa: daftari letu tutamwachia nani?