Utingo wa Msimu Naye ni Mfanyakazi

Mvua zinapokatika katika Mkoa wa Singida na wakulima wa Iramba wakaanza kuvuna alizeti, huku wenzao wa mbuga ya Wembere wakivuna mpunga na pamba, malori ya mizigo huongezeka katika barabara kuu ipitayo mlima Sekenke. Kila lori linaloongezeka lahitaji mikono. Dereva na utingo wake mmoja hawatoshi kupakia magunia, kufunga turubai, kulinda shehena usiku na kushusha mzigo mwisho wa safari. Kwa hiyo vijana huchukuliwa vijijini na penye njia panda, wakafanya kazi kwa miezi michache, na msimu ukiisha wakaachwa waende zao. Hao ndio utingo wa msimu. Leo tunapenda kueleza jinsi wanavyotendewa na madereva wao, na jinsi inavyopasa watendewe.

Huenda msomaji wetu wa Visiwani akauliza Sekenke yamhusu nini. Jibu limo jikoni mwake. Vitunguu na mafuta ya alizeti ya Singida husafiri kwa barabara mpaka Dar es Salaam, vikavushwa bahari na kushushwa Unguja. Mkono wa kijana asiyemjua umekwisha kuyainua magunia hayo kabla mpishi hajashika kisu. Tena watu wa Visiwani wanaifahamu vyema kazi ya msimu. Hakuna asiyejua kwamba karafuu haichumwi na mwenye shamba peke yake, wala hakuna asiyejua hatari ya kupanda mkarafuu.

Sekenke yenyewe ina historia ndefu ya kutajirisha wengine. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Juu ya sarafu ile ipo picha ya tembo. Majina ya Waafrika waliouvuja jasho mgodini hayapo. Ukoloni haukuona haja ya kuwaandika. Swali letu ni kwa nini sisi, tuliokwisha kujitawala, tuendelee na desturi hiyo hiyo ya kutumia nguvu za mtu pasipo kuliandika jina lake.

Wanaoijua barabara ile wanafahamu kwamba mlima Sekenke haukubali mzaha. Kabla ya lami kufika huko katika miaka ya 2000, kuupanda na lori lililojaa ilikuwa mashaka makubwa, hasa wakati wa mvua. Hata leo lori zito litokalo upande wa Shelui hupanda kwa gia ndogo, na literemkalo huhitaji breki nzima na dereva mwenye akili iliyotulia. Lori likizimika penye mwinuko, mtu wa kwanza kuruka chini ni utingo. Ndiye anayekimbia na gogo au jiwe kulikinga gurudumu lisirudi nyuma. Hapo uhai wa dereva, mali ya tajiri na usalama wa magari yaliyo nyuma hutegemea miguu ya kijana mmoja na gogo lake. Akichelewa kidogo, au gogo likiteleza, wa kwanza kukanyagwa ni yeye.

Baada ya hayo zipo kazi nyingine. Hubadili magurudumu, hukaza kamba, humwongoza dereva anaporudi nyuma na hulala juu ya shehena kuulinda mzigo na mafuta yasiibiwe. Lori likionekana kuzidi uzito kwenye mizani, kama ile ya Njuki, yeye ndiye apandaye kuyahamisha au kuyapunguza magunia. Mengi ya magunia hayo ni ya lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeyapiga marufuku. Tumezoea kusema kwamba lumbesa humwibia mkulima, na ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba kilo zile za ziada haziendi zenyewe garini; hupita juu ya mgongo wa mtu ambaye hulipwa kwa gunia, liwe jepesi au zito.

Sasa tuutazame mwenendo wa madereva. Wapo madereva waungwana, na haki yatutaka tuwataje kwanza. Dereva wa namna hii hula sahani moja na utingo wake. Humfundisha kusikiliza injini, kutambua breki inayochoka, na kujua tofauti ya gurudumu lililochakaa na lililo zima. Humshirikisha katika maamuzi ya safari, kwa kuwa anajua kwamba macho manne huona zaidi ya mawili. Madereva wengi hodari walianza kwa kuwa utingo. Ile ilikuwa shule yao, na mwalimu wao alikuwa dereva aliyewaheshimu.

Lakini wapo pia wa namna nyingine. Huyu humwita kijana kwa matusi, na jina lake halitaji. Humweka juu ya magunia lori likiteremka mlima, ilhali ndani mna nafasi aliyompa abiria wa kulipa. Gunia likipotea humkata ujira wote bila kuuliza limepotea vipi. Malipo huyaahirisha: leo husema tukifika, wakifika husema tukishusha, wakishusha husema tukirudi. Kijana akiugua njiani huachwa kituoni, mamia ya kilomita kutoka kwao. Huo ni unyonyaji, na hauwi mdogo kwa sababu anayeufanya si tajiri mwenye kampuni bali ni kabwela mwenzake.

Tukiyachunguza mambo haya kwa undani tutaona kwamba ubaya wa tabia ni tawi tu. Mzizi wake umo katika namna kijana huyu anavyoajiriwa. Mara nyingi mwenye lori humpa dereva posho ya safari, akamwachia atafute msaidizi na kumlipa humo humo. Kila shilingi anayopewa utingo inatoka katika mfuko wa dereva, naye dereva huvutwa na tamaa ya kumpunja. Siku ya ajali ndipo uovu wa mpango huu unapodhihirika. Mwenye lori husema, huyo simjui, ni mtu wa dereva. Dereva naye husema, lori si langu, mwulizeni tajiri. Baina ya kauli hizo mbili kijana aliyevunjika mguu hubaki hana mwajiri.

Madereva ndio wanaopaswa kuuelewa uchungu huu kuliko watu wote. Mwezi Aprili na mwezi Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na miongoni mwa madai yao makubwa lilikuwa la kupewa mikataba ya ajira iliyoandikwa. Usafiri ulisimama, na Serikali ikalazimika kukaa nao na kuwasikiliza. Dai lao lilikuwa la haki, kwa kuwa mtu hawezi kukabidhiwa chombo cha mamilioni na maisha ya watu kwa maneno matupu. Basi dereva aliyedai mkataba kwa tajiri wake amtazame utingo aliye kushoto kwake, ajiulize kama yeye mwenyewe hajawa tajiri mdogo. Haki haiwi haki ikiwa huishia kwa aliyekalia usukani.

Wapo watakaosema kwamba sheria haiwajui vibarua wa msimu. Hilo si kweli. Kazi na ajira si jambo la Muungano; Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005, na huko Sekenke zinatumika sheria za Tanzania Bara za mwaka 2004. Sheria ya Taasisi za Kazi yasema kwamba mtu anayefanya kazi chini ya uongozi wa mwingine, au kwa vifaa vya mwingine, huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lori ni la nani? Turubai, jeki na kamba ni za nani? Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma. Yasema ujira usikatwe kwa ajili ya hasara bila utaratibu wa haki, na ukikatwa makato yasizidi robo yake. Yawataja waziwazi waajiriwa wa msimu kuwa wana haki ya likizo yenye malipo. Yakataza pia aliye chini ya miaka 18 kuwekwa katika kazi ya hatari. Na kama kukinga gurudumu la lori penye mlima si hatari, hatujui hatari ni nini. Zaidi ya hayo, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Lakini Mfuko utamfidiaje mtu ambaye hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuwa kazini?

Kwa Chama, jambo hili si geni. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa watu walio chini yao. Dereva ni kiongozi wa lori lake, na kipimo hicho kinamhusu. Kwa waumini vilevile si geni. Tulifundishwa tangu chuoni, tukiwa na vibao vyetu mapajani, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la utingo hukauka Sekenke; malipo yake husubiri Dar es Salaam, na pengine hayafiki.

Hatupuuzi hoja ya wenye malori kwamba msimu ni mfupi, vijana huja na kuondoka, na karatasi zina usumbufu. Lakini mbona hesabu ya magunia haiwashindi? Hakuna lori liondokalo bila kujulikana limebeba magunia mangapi, ya nani, yaendayo wapi. Anayeweza kuandika gunia aweza kuandika mtu. Nahodha wa jahazi naye huijua idadi ya mabaharia wake na sehemu ya kila mmoja katika mapato. Huko Visiwani, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limekuwa likiwafidia watu walioanguka mikarafuu, ingawa kazi yao nayo ni ya msimu. Ufupi wa kazi haujawa kisingizio cha kumsahau aliyeanguka.

Kwa hiyo tunatoa wito. Wenye malori waache kuuficha ujira wa utingo ndani ya posho ya dereva. Wautenge, wautaje na waulipe wenyewe. Kila lori liwe na daftari lenye majina ya watu wake wote, tarehe walizoanza na ujira waliokubaliana, na nakala ibaki kijijini walikochukuliwa. Serikali za vijiji zilizo kandokando ya barabara zisimwachie kijana kupanda lori lisilomwandika. Maofisa wa kazi wasingoje malalamiko ofisini, kwani utingo hana nauli ya kuyafuata. Waende kwenye maghala na masoko wakati wa msimu. Askari wa usalama barabarani, wanapokagua matairi na leseni, waangalie pia ni nani aliyeketi juu ya magunia.

Kwa madereva tuna neno moja la kindugu. Sheria inaweza kumlazimisha tajiri kulipa, lakini haiwezi kuwafundisha ninyi kula na mwenzenu, kumwita kwa jina lake na kumpa nafasi ya kukaa ndani lori linapoteremka Sekenke. Hilo liko mikononi mwenu, nanyi mwaweza kulianza katika safari ya kesho. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu ndiye ashikaye gogo nyuma ya gurudumu lenu.