Kicheki changu, kutoka Likasi mpaka Jáchymov

Tangu nirudi Likasi, wadogo wananiuliza maswali mawili: "Yaya, Kicheki iko nguvu?" na "Kule ulitembea wapi?" Nitajibu yote mawili pamoja, maana kwangu yalikuja kuwa swali moja.

Tuanze na sababu. Ku Ucheki, iniversite za serikali ni bure kwa anayesoma kwa Kicheki, hata akiwa mgeni. Ukisoma kwa Kiingereza, unalipa. Ndiyo maana wageni wengi wanapitisha kwanza mwaka mzima wa lugha. Mimi niliufanyia Poděbrady, mji mdogo kando ya mto Labe, ambako Univerzita Karlova ya Praha, iliyoanzishwa mwaka 1348, inafundishia wageni ndani ya ngome ya zamani.

Ugumu uko wapi? Jina linabadilisha mkia. Mji ni Praha, lakini niko v Praze, naenda do Prahy, natoka z Prahy. Usiogope: na sisi tunasema nyumba, kisha nyumbani. Tofauti ni kwamba wao wana hali saba, umoja na wingi. Sifa nayo inafuata jina: nový dům, nová škola, nové město. Aliyesoma "mtoto mzuri, kitabu kizuri" ameshazoea mambo hayo, ijapokuwa kwetu Likasi tunasema "kitabu muzuri" na maisha inaendelea. Herufi ř, yenyewe, iliniomba miezi.

Darasa peke yake halitoshi. Kila Jumamosi nilipanda treni ili nilazimike kusema. Hata tiketi ni somo: moja ni jízdenka, mbili jízdenky, tano jízdenek. Niliona daraja la Karlo, lililoanza kujengwa 1357, na saa kubwa ya Praha ya mwaka 1410. Kutná Hora nilikuta mji wa migodi ya feza, na kanisa kubwa la Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji. Pale nikaanza kujisikia kama niko kwetu.

Lakini safari iliyonigusa ni ya Jáchymov, juu milimani, karibu na mpaka wa Ujerumani. Feza ya pale ndiyo ilitengeneza sarafu iliyozaa jina "dola". Mawe ya mgodi uleule ndiyo Marie Curie aliyatumia kupata radiumu, mwaka 1898. Baadaye, Shinkolobwe yetu ikaipokonya Jáchymov soko la dunia, maana madini yake yalikuwa tajiri zaidi. Kisha uraniumu ya Shinkolobwe ikaingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Na Jáchymov? Baada ya vita, wafungwa wa siasa walichimbishwa uraniumu pale kwa ajili ya Warusi. Leo kuna njia ya kutembea inayofuata kambi zao, inaitwa Jáchymovské peklo, maana yake jehanamu ya Jáchymov.

Njiani mzee mmoja aliniuliza: "Odkud jste?" Unatoka wapi? Nikajibu: "Z Konga." Wapi huko? Nikataja Likasi, nikaongeza Shinkolobwe. Akasimama. Jina alilijua. Akasema polepole: "Můj děda byl horník." Babu yangu alikuwa mchimbaji. Nikamjibu kwa sentensi ileile, bila kubadilisha hata neno. Wangu naye alikuwa.

Tulitembea pamoja saa nzima. Alinionyesha kambi ilikuwa wapi, mimi nikamweleza kilima chetu, ambako hakuna hata kibao chenye jina la mchimbaji mmoja. Makosa yangu ya mikia yalikuwa mengi, hakuyajali.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukienda, usikimbilie Kiingereza kwa sababu ni rahisi. Daraja na saa utaviona hata bila lugha. Yule mzee, bila Kicheki, tungepishana tu.

Na kabla ya kupanda ndege, kaa kwanza na babu yako, umuulize alifanya kazi gani. Kule watakuuliza.